Mhusika Aliulizwa

Shangazi Devota alifariki mwezi wa tisa, na arobaini yake ilipokwisha mwenye jengo akataka funguo. Kwa hiyo Jumamosi moja nilijikuta ghorofa ya tisa, Thorncliffe Park, Toronto, kwenye nyumba yake ya chumba kimoja, nikipanga maisha ya mtu kwenye mifuko myeusi na makatoni ya ndizi niliyoomba dukani. Baba alikuja kunisaidia. Kusaidia kwake, kwa umri wa miaka sabini na mitatu, ni kukaa kwenye kiti karibu na hita, koti hajavua, na kutoa maelekezo. Hiyo sufuria usitupe. Hicho kitenge mpelekee yule mama wa ghorofa ya kumi na moja. Hayo mablanketi yafue kwanza ndiyo uyagawe. Mimi nina miaka thelathini na minane, kazini nimekabidhiwa funguo za maabara nzima, lakini mbele ya baba yangu bado ni mtu wa kufundishwa kukunja blanketi. Nilikuwa nimeshaanza kukasirika, maana hasira zangu ziko karibu, nilipovuta droo ya chini ya kabati. Chini ya vitambaa vya makochi alivyofuma mwenyewe nikakuta makaunta buku matatu yamefungwa kwa utepe, yale yenye jalada gumu na mgongo mwekundu. Aliyaagiza kutoka nyumbani. Alisema madaftari ya huku hayana heshima. "Hayo ni ya vikao," Baba akasema kutoka kitini. "Hayo hayatupwi." Nikayatia kwenye mkoba wangu, nikaendelea kukunja.

Hivyo vikao lazima nivieleze, maana nikiwasimulia watu hudhani natania. Mtanzania hawezi kununua hata birika bila kuunda kamati, na wazazi wangu walipopanda ndege hawakuiacha tabia hiyo uwanjani. Tulikaa jengo hilohilo, ghorofa ya kumi na nne: Baba, Mama na mimi. Shangazi alikuwa wa nne. Watu wanne, na tulikuwa na uongozi kamili. Baba mwenyekiti. Shangazi, dada yake mkubwa, katibu, kwa sababu nyumbani alikuwa katibu muhtasi wa chama cha ushirika miaka mingi kabla hajaja huku kuogesha wazee wa watu. Mama mjumbe. Mimi nilikuwa "mhusika" jambo liliponihusu, na lisiponihusu nilitumwa chai. Tulikutana Jumapili baada ya misa na baada ya kula, sebuleni, televisheni imezimwa na kufunikwa kitambaa. Akidi ilikuwa watu watatu. Lugha ilikuwa Kiswahili tu, na sheria hiyo ilitungwa kwa ajili yangu, maana nilikuja Toronto na miaka tisa, na kufikia kumi na sita nilikuwa nimeshika tabia ya watoto wote wa jengo lile: unasemeshwa Kiswahili, unajibu Kiingereza. Tulifanya kikao cha kununua mashine ya kufyonza vumbi. Tulifanya kikao cha mimi kutoboa masikio tundu la pili, ajenda ikaahirishwa, na imeahirishwa mpaka leo. Kila mara Shangazi aliandika muhtasari kwenye kaunta buku, na kikao kilichofuata aliusoma kwa sauti, wajumbe wakauthibitisha, mwenyekiti akausaini. Hapo ndipo jambo lilipokuwa jambo. Kabla ya kuthibitishwa yalikuwa maneno ya sebuleni tu.

Mwaka ninaoukumbuka ulianza mwezi wa pili, nikiwa gredi ya kumi na moja. Mwalimu wangu wa kemia, mama mmoja kutoka Serbia tuliyemwita Miss Dragana, alinizuia mlangoni kengele ilipolia akanipa fomu ya kijani. Shule ilikuwa inafundisha masomo mawili ya ngazi ya chuo kwa wanafunzi wa gredi ya kumi na mbili, kemia na hesabu. Unasoma kitabu cha mwaka wa kwanza wa chuo kikuu ukiwa bado sekondari, halafu mwezi wa tano unafanya mtihani unaotungwa nje ya shule, unapewa alama kuanzia moja hadi tano, tano ndiyo ya juu. "Wewe unafaa," alisema, basi. Alikuwa mtu wa maneno machache kwa kiasi kilekile mimi nilivyo wa maneno mengi. Fomu ilitaka saini ya mzazi, na ilitakiwa kurudi Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Siku hiyohiyo nilikwenda kwa mshauri wa wanafunzi, naye akanieleza upande wa pili, tena kwa haki kabisa. Vyuo vikuu vingeangalia wastani wangu wa gredi ya kumi na mbili. Wakati huo nilikuwa na tisini na tatu. Nikikaa darasa la kawaida, tisini na tatu yangu nitaipata hata nikisinzia. Nikienda darasa la juu naweza kushuka hadi sabini na kitu, na nafasi ya chuo ikaniponyoka hivihivi. "Hakuna anayekulazimisha," aliniambia, akitabasamu. Nilitoka pale nimeshika kitu ambacho sikuwahi kushika maishani, jambo la kuchagua mwenyewe. Loo, niliichukia ile fomu.

Niliiweka jikoni chini ya kopo la sukari, mahali ambapo Mama angeiona bila mimi kumpa. Huo ndio ulikuwa ujasiri wangu wote. Baba alikuwa anafanya kazi kiwanda cha mikate huko North York, anatoka alfajiri na kurudi saa tisa alasiri na mfuko wa mikate iliyopinda, ile isiyofaa kuuzwa. Nyumba zile, ukuta wa jikoni na wa bafuni ni mmoja, na tundu la kupitisha hewa hupitisha na maneno. Siku ya pili nilikuwa bafuni nimefungua bomba nilipomsikia Mama akisema, "Mtoto kaletewa fomu ya advansi." Baba akauliza advansi ya nini, si yuko shule? Mama akamsomea alivyoweza: masomo ya chuo, na mtihani wa nje. "Mtihani wa nje," Baba akarudia, kisha nikasikia kiti kikivutwa. "Mama Konso, mimi unanijua. Mpaka kidato cha nne nilikuwa wa pili darasa zima. Wakasema huyu kichwa, huyu aende advansi. Nikaenda. Kilichotoka unakijua." Mama akasema hayo ni ya zamani. "Ya zamani kwako. Karatasi ilibandikwa ukutani, ofisi ya elimu. Jina langu, na ziro mbele yake. Watu wanapita, wanasoma kwa kidole. Baba yangu alikuja na baiskeli kusoma, akarudi hakusema neno. Hakulisema mpaka anaingia kaburini. Sasa niletewe tena hiyo, huku kwenye baridi?" Nilifunga bomba nikakaa kwenye ukingo wa bafu. Nilikuwa nimeishi na baba yangu miaka kumi na sita na sikuwahi kujua kuwa aliwahi kufeli kitu. Nilidhani watu wanaokagua ripoti ya shule mstari kwa mstari, kama alivyokagua yangu, ni watu waliofaulu.

Kikao kiliitishwa Jumapili. Tulikula wali na nyama ya mbuzi ya kwa Mpakistani wa ng'ambo ya barabara, na spinachi za kugandishwa ambazo Mama aliziunga kwa karanga ili zifanane na kisamvu, na hazikufanana. Saa nane na dakika ishirini mwenyekiti akafungua. Shangazi alikaa ukingoni mwa kochi, miwani imefungwa kamba shingoni, kaunta buku juu ya magoti. Ajenda ya tatu nilikuwa mimi. "Kombi gani?" Baba akaniuliza. Nikasema kemia na hesabu. "Na nyingine?" Nikasema basi. Baba akamgeukia Shangazi kana kwamba ndiye aliyeniuzia. "Masomo mawili siyo kombi. Unapoingia kidato cha tano unachukua matatu yanayokwenda pamoja. Fizikia, kemia, hesabu. Kemia, baiolojia, jiografia. Hawa watu wanampeleka mtoto na kombi ya mguu mmoja!" Mama akamwambia huku hakuna kombi. "Nchi gani haina kombi?" Dakika kumi nzima zilikwenda kwenye kombi. Shangazi aliyaandika yote, na mimi nilikuwa nabana midomo nisicheke, mpaka Baba akaacha kombi na kusema lile hasa. Alilisema kwa upole, na upole wake ndio uliniumiza. "Mtoto ana tisini na tatu. Iko mkononi. Mtu mwenye tisini na tatu mkononi anakwenda kutafuta nini?" Hakuitaja ziro. Nilikuwa naisubiri aitaje, hakuitaja.

Mama alisema mwalimu hawezi kumwona mtoto bure. Shangazi akainua kalamu: "Mwenyekiti, mhusika hajaulizwa." Baba akakubali kwamba hajaulizwa. "Haya, Konso. Wewe mwenyewe unasemaje?" Wote watatu wakanitazama. Hita ilikuwa inagongagonga ndani kwa ndani, kama kawaida yake. Nilitazama kile kitambaa cha televisheni, kona yake moja ilikuwa imefumuka, nikawa naihesabu mishono. Baadaye nilijipa kisingizio kwamba Kiswahili kilinikatika, kwamba laiti wangeniruhusu Kiingereza ningejieleza. Uongo mtupu. Hata ungenipa lugha zote za jengo lile, kuanzia Kiurdu hadi Kipashto, siku ile nisingesema. Nilikuwa naogopa kufeli kama Baba, na nilikuwa naogopa zaidi kufaulu pale alipofeli yeye. Sasa hilo unalisema vipi, wali bado uko kwenye meza? Nikanyamaza. Baba akasubiri, tena alisubiri vizuri, hakunikaripia. Kisha akasema kikao kimeamua mhusika aendelee na masomo ya kawaida, tukaenda kwenye mengineyo, ambayo yalikuwa pazia la bafu. Na nilisikia raha. Nisidanganye. Nilisikia raha mwilini, mabega yakashuka, na nilipokuwa naosha vyombo nikaanza kuionea aibu ile raha.

Jumatatu nilimwambia Miss Dragana kuwa baba yangu amekataa. Ilitoka kirahisi ajabu. Baba amekataa. Alisema Ijumaa haijafika, akaendelea kufuta ubao. Nikamwambia na Shirin, rafiki yangu wa ghorofa ya sita, Mismaili ambaye bibi yake alizaliwa Mwanza na alizungumza Kiswahili kizuri kuliko mimi na Shirin tukiwekwa pamoja. Shirin akanionea huruma, na mimi nikaipokea ile huruma, nikaifurahia, hata nikaongeza chumvi kidogo kuhusu wababa wa Kiafrika. Sikufikiria kwamba Shirin ana bibi, na bibi ana lifti. Jumanne bibi yake akakutana na Shangazi humo ndani ya lifti, mikoba ya soko mikononi, akamwambia mbele ya watu, "Devota, kaka yako ana nini? Mtoto ana akili namna ile, anamfungia njia?" Shangazi akashuka na aibu yake ghorofa ya tisa. Jumatano nilipotoka shule nikaambiwa na Mama, "Shangazi yako anakuita," na kwa sauti ile nilijua siitwi kula.

Alikuwa anapiga pasi sare zake za kazini, zile za bluu zenye mifuko mikubwa. Mezani palikuwa na chai ya tangawizi na mkate uliopinda wa kiwandani kwa Baba, lakini hakunikaribisha, na kwa Shangazi hilo lilikuwa tusi. "Umemwambia nani kwamba baba yako amekataa?" Nikajibu kwa Kiingereza kwamba si kweli amekataa? "Sema na mimi vizuri." Nikarudia kwa Kiswahili. "Kikao kiliamua," akasema, "na kabla hakijaamua, wewe uliulizwa. Uliulizwa mbele yangu na mimi ndiye ninayeandika. Sasa unamtembeza kaka yangu ghorofa kwa ghorofa kama mtu mkatili. Unajua anavyolala siku hizi?" Nikasema sijui. "Wewe unaitaka hiyo kemia, huitaki? Ukisema huitaki, sawa, hakuna atakayemla mtu. Nitaandika huitaki, nawe utawaambia watu kwamba huitaki." Nikasema sijui. Akaiweka pasi wima, mvuke unatoka. "Sijui siyo neno la muhtasari, Konsolata. Katika miaka yangu yote ya ushirika sijawahi kuandika sijui." Nikaanza kulia, kilio cha hasira, nikamwambia ananionea. Akanitazama kidogo, akanimiminia chai, akasema kesho saa kumi na moja jioni kuna kikao cha dharura.

Cha dharura hatukuwahi kufanya. Baba alikaa na nguo zake za kazini, unga umemkaa nyuma ya masikio. Mama alikuwa na sinia la kitunguu saumu mapajani, anamenya. Shangazi akavaa miwani, akafungua kaunta buku, akasema ajenda ni moja tu, kuthibitisha muhtasari wa Jumapili ili usilale. Akaanza kusoma kwa ile sauti yake ya kikatibu isiyopanda wala kushuka. Akasoma waliohudhuria. Akasoma kombi, yote, bila kucheka. Akageuza ukurasa. "Kifungu cha nne. Mhusika aliulizwa na mwenyekiti. Mhusika alisema anataka kujaribu, na kwamba akifeli, amefeli yeye mwenyewe, asilaumiwe mtu." Kisha akaendelea moja kwa moja na pazia la bafu. Jamani! Kisu cha Mama kilikuwa kimesimama. "Ngoja," Baba akasema. "Hayo sikumbuki." Shangazi bila kuinua kichwa akajibu, "Mwenyekiti ulikuwa umeinuka kufunga dirisha." Baba akasema hakuinuka. Hapo Mama, ambaye alikuwa hawezi kumdanganya hata muuza zulia wa kwenye simu, Mama yangu, akasema huku anatazama sinia lake, "Uliinuka, Baba Konso. Mimi nilimsikia. Alisema."

Baba akanigeukia mimi, na uso wake haukuwa wa hasira. Alionekana mtu aliyechoka, aliyesimama tangu alfajiri. "Konso. Ulisema?" Nimeshawahi kukaa nje ya chumba cha upasuaji kusubiri habari, nimewahi kukaa mbele ya jopo la wazungu saba wakinihoji kazi, lakini sijawahi kuona sekunde zikirefuka kama zile. Nikisema sikusema, Shangazi ni mwongo, Mama ni mwongo, na mimi narudi kwenye tisini na tatu yangu na raha yangu. Nikisema nilisema, namdanganya baba yangu machoni, na kesho nimebeba ile kemia mgongoni bila mtu wa kumsingizia. Nilimtazama Shangazi anisaidie, yeye alikuwa anafuta miwani. "Nilisema," nikasema. Sauti ilitoka ndogo. Nikairudia, "Ndiyo, Baba, nilisema." Akanyoosha mkono apewe daftari. Akasoma kimya, kidole chini ya mistari, akakaa na ule ukurasa muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwamo. Nilidhani anajikumbusha kombi. Kisha akatoa kalamu ya kiwandani mfukoni, akasaini. "Muhtasari umethibitishwa," akasema. "Lete hiyo fomu."

Mwaka wenyewe ulikuwa mgumu, na sina mengi ya kuupamba. Tulikuwa wanafunzi kumi na mmoja kwenye kemia ya Miss Dragana, na mtihani wa kwanza nilipata arobaini na moja kwa mia. Nilikwenda kulia chumba cha kufulia nguo, ghorofa ya chini, maana mashine zinapiga kelele na hakuna anayekusikia. Nilimlaani Shangazi kwa jina lake lote. Nilikuwa nikipata alama mbaya, najiambia sikuchagua, nilichaguliwa. Nikipata nzuri, najiambia hivyohivyo. Nyumbani hakuna aliyeniuliza maksi. Baba aliyezoea kukagua ripoti mstari kwa mstari aliacha kabisa. Aliweka tu mkate uliopinda mezani pangu, amekwisha kuupaka siagi, akaondoka kwa vidole vya miguu. Wastani wangu ulishuka hadi themanini na tano, chuo nilichokitaka hakikunichukua, cha pili kikanichukua. Mwezi wa saba ikaja bahasha ya matokeo. Kemia nne, hesabu mbili. Mbili ni kufeli kwa adabu. Nilitaka kuificha, lakini Baba aliichukua karatasi, akaisoma kwa kidole, akatafuta sumaku, akaibandika kwenye mlango wa friji, jina langu, na nne, na mbili, zote zinaonekana. Ilikaa pale mpaka wino ukafifia. Wageni walisoma. Baba aliwaelekeza wapi pa kusoma.

Leo napima maabarani maji wanayokunywa watu, kazi ya kemia tupu, na naipenda. Lakini lile jambo halikuniacha. Nikiwa na miaka thelathini hivi, siku moja ya ugomvi ambao hauhusiani na habari hii, nilimtupia Shangazi usoni kwamba yeye ndiye aliyenichagulia maisha, kwamba alinitungia maneno kwenye muhtasari mtoto wa watu. Hakujitetea. Alisema, "Kasome muhtasari." Nilidhani ananikejeli. Kasome muhtasari! Wakati ule Mama alikuwa bado hai, na alicheka, akaondoka akaenda jikoni. Sikusoma. Nisome nini, wakati niliusikia kwa masikio yangu?

Jumapili, siku moja baada ya kuhamisha vile vitu, baada ya chakula cha mchana nikayafungua yale makaunta buku kwenye meza yangu ya jikoni, North York, nikitafuta tu tundu la pili la masikio ili nicheke. Nikafika kwenye ule mwezi wa pili. Mwandiko wake ulikuwa ule wa shule za ukatibu, herufi zote zimelala upande mmoja. Waliohudhuria. Kombi, robo tatu ya ukurasa. Nikageuza. Kifungu cha nne. "Mhusika aliulizwa. Alinyamaza." Basi. Maneno matatu. Chini yake pazia la bafu, na chini ya pazia la bafu saini ya Baba. Nilisoma tena nikidhani nimekosea kikao. Nikageuza kikao cha dharura, muhtasari wake ni mistari minne: "Katika kuthibitisha, mwenyekiti alimuuliza mhusika. Mhusika alisema, Nilisema. Akarudia. Fomu ikasainiwa." Kumbe Shangazi hakuandika uongo hata siku moja. Aliusoma tu, kutoka kwenye ukurasa usiokuwa nao, kwa miwani yake na sauti yake ya ushirika, na kwenye daftari akaweka ukweli mtupu. Nikakaa pale nikilia, nikimwomba msamaha mtu ambaye mablanketi yake niliyakunja jana. Halafu nikakumbuka ile saini, na kidole cha Baba chini ya mistari, nikachukua funguo za gari.

Baba bado anakaa ghorofa ya kumi na nne, peke yake sasa. Alinifungulia akiwa na kitambaa cha jikoni begani. Sikuvua hata buti, nikamwekea daftari mezani, nikamwonyesha. "Baba, hapa pameandikwa nilinyamaza. Na hapa umesaini." Akatafuta miwani, akasoma, ingawa niliona hakuhitaji. "Ndiyo," akasema. "Ulijua?" "Mimi nasaini kitu bila kusoma?" Nikamuuliza sasa kwa nini alisaini, wakati tulimdanganya watu watatu, sebuleni kwake, kwenye kikao chake. Akakikunja kile kitambaa mara mbili, mara nne. "Devota alikuwa hajui kudanganya. Nilipoona anasoma kitu ambacho macho yake hayakifuati, nikasema ngoja nione mtoto atafanya nini. Nikakuuliza. Ungesema hapana, ningefurahi, nakwambia kweli. Ukasema nilisema. Mara mbili. Mimi sikusaini ya Devota, Konso. Ya Devota haimo humu. Nilisaini ya kwako."

Nikavuta kiti nikakaa. Baba akanitazama juu ya miwani, akasubiri vizuri, kama alivyosubiri siku ile. "Sasa nikuulize tena, maana siku ile hukujibu," akasema. "Ile Jumapili ya kwanza. Ulikuwa unaitaka, au huitaki?"

"Nilikuwa naogopa," nikasema.

"Naam. Hilo ni neno," akasema Baba. "Hilo lingeandikwa." Akaanza kupapasa mifukoni akitafuta kalamu.